Ajali za ndege za kunyunyizia dawa wakati wa kupaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ndege ya kilimo ikianguka mwisho wa kiwanja, watu huuliza yaleyale. Injini ilizima? Rubani alikosea? Mbona ilikuwa imeshainuka? Nimefanya kazi ya kujaza matangi ya ndege hizi kwa misimu mingi, nikisimama pembeni na bomba la dawa begani kuzitazama zikiondoka moja moja. Nimeandika majibu haya kwa jamaa za marubani, wakulima wanaokodi ndege, vijana wanaojifunza kujaza matangi, na yeyote aliyeshuhudia ajali akabaki na maswali.

Ndege ya kilimo ni ndege ya namna gani?

Ni ndege ya injini moja, mara nyingi yenye kiti kimoja, iliyoundwa kubeba dawa, mbolea au mbegu na kuimwaga juu ya shamba ikiwa mita chache tu kutoka ardhini. Mwanzoni zilitumika ndege za kawaida. Tarehe 3 Agosti 1921, karibu na mji wa Troy katika jimbo la Ohio, Marekani, rubani wa jeshi John Macready alipita juu ya miti iliyovamiwa na viwavi akiwa na ndege ya Curtiss JN iliyobeba unga wa sumu. Ndege ya kwanza kubuniwa mahususi kwa kazi hii ni AG-1, kazi ya mhandisi Fred Weick katika chuo cha Texas A&M, iliyoruka mwaka 1950. Weick alimkalisha rubani juu na nyuma ya mzigo. Aliona mapema kwamba ndege ikigota, tangi lililo nyuma ya rubani litamjia mgongoni.

Mpangilio huo upo hadi leo. Air Tractor AT-802, mojawapo ya ndege kubwa za aina hii, ina tangi la lita 3,028, na uzito wake wa juu unaoruhusiwa wakati wa kupaa ni kilo 7,257. Tangi likijaa maji, mzigo peke yake ni zaidi ya asilimia 40 ya uzito huo. Kiasi hicho kinaeleza mengi ya yanayofuata.

Kwa nini ajali nyingi za ndege hizi hutokea zikiwa zinapaa?

Kwa sababu kila safari huanza na ndege ikiwa nzito kuliko itakavyokuwa muda wowote baadaye, na safari ni nyingi. Ndege ya abiria hupaa mara chache kwa siku, kwenye lami ndefu. Ndege ya kilimo inaweza kupaa makumi ya mara kwa siku moja, kwenye kiwanja cha udongo au majani, penye mti au waya wa umeme upande wa mbele. Rubani anatua, tangi linajazwa kwa dakika chache injini ikiwa inanguruma, anaondoka tena. Mara ya ishirini na tano mwili umechoka, na macho yamezoea kuona kila kitu kikienda sawa.

Asubuhi ilipaa na mzigo uleule bila shida. Saa nane mchana ikashindwa. Nini kilibadilika?

Hewa. Bawa hubeba ndege kwa kusukumana na hewa, propela huvuta kwa kuikata hewa, na injini hupata nguvu kwa kuchoma mafuta pamoja na hewa. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi, na vyote vitatu hudhoofika kwa mpigo mmoja.

Marubani hulipima jambo hili kwa kuuliza: kwa hali ya hewa ya sasa, ndege inajiona iko kwenye mwinuko gani? Kwa kipimo cha kawaida cha anga, usawa wa bahari una nyuzi 15 za Selsiasi, na joto hupungua kwa takriban nyuzi 2 kila futi 1,000. Kila nyuzi moja inayozidi kiwango hicho huongeza karibu futi 120 kwenye mwinuko ambao ndege inauhisi. Chukua kiwanja kilicho mita 1,200 juu ya bahari. Joto lake la kipimo ni kama nyuzi 7. Ikiwa mchana kuna nyuzi 32, zimezidi 25, na hizo huongeza futi 3,000, yaani kama mita 900. Ndege imesimama kwenye mita 1,200, lakini mabawa na injini vinafanya kazi kana kwamba viko mita 2,100.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa nje halioni. Asubuhi ndege huanza na mafuta mengi, lakini hewa ni baridi. Kadiri mafuta yanavyopungua, joto nalo linapanda, kwa hiyo moja linafidia jingine. Kisha mchana wanasimama kujaza mafuta. Safari ya kwanza baada ya hapo ina mafuta ya asubuhi ndani ya hewa ya mchana, na ikiwa mjazaji ameweka lita zilezile za dawa, hesabu yote imevurugika. Mimi hiyo ndiyo safari niliyokuwa nikiiogopa kuliko zote.

Mzigo unapimwaje? Si ni kuangalia tu tangi limefika wapi?

Hapo ndipo makosa yanapoingia kimyakimya. Kipimo cha tangi huonyesha lita, lakini ndege hubeba kilo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mjazaji aliyezoea dawa iliyochanganywa na maji huona lita na kilo ni kitu kimoja. Mbolea ya maji ya naitrojeni ni nzito zaidi, karibu kilo 1.3 kwa lita. Lita 1,500 za mbolea hiyo zina uzito wa kilo 1,950. Mjazaji akijaza kwa mazoea amezidisha kilo 450, na kioo cha kipimo kinasoma namba ileile ya jana.

Povu nalo hudanganya: hupanda kwenye kioo, mtu akadhani tangi limejaa, kisha likatulia akaongeza. Na ndege yenye gurudumu la mkia husimama imeinua pua, kwa hiyo majimaji hukaa upande. Kipimo kilichowekwa kusomwa hivyo kitasomeka tofauti ndege ikilala sawa angani.

Mwongozo unaotumiwa sana na marubani wa ndege ndogo nchini Uingereza unasema uzito ukiongezeka asilimia 10, umbali wa kupaa huongezeka asilimia 20. Hauongezeki kwa kiwango kilekile. Ndege nzito huchelewa kupata kasi, na kasi yenyewe inayohitaji ni kubwa zaidi.

Majani, mteremko na upepo vina uzito gani katika hesabu?

Kila kimoja peke yake huonekana kidogo. Ukivizidisha, vinatisha. Kwa mwongozo huohuo, majani makavu yasiyozidi sentimita 20 huongeza umbali kwa asilimia 20, na yakiwa mabichi kwa umande au mvua, asilimia 30. Kupandia mwinuko wa asilimia 2 huongeza asilimia 10. Joto likipanda nyuzi 10, ongeza asilimia 10 nyingine. Upepo wa mgongoni wenye kasi ya sehemu moja ya kumi ya kasi ya kuinuka huongeza asilimia 20.

Sasa fikiria ndege inayohitaji mita 400 kwenye hali nzuri. Ipe majani makavu, mwinuko mdogo, joto la nyuzi 10 zaidi, na upepo mwepesi wa nyuma ambao hautikisi hata jani la mti. Mita 400 mara 1.2, mara 1.1, mara 1.1, mara 1.2, unapata karibu mita 700. Mwongozo unashauri uzidishe tena kwa 1.33 ili ubaki na akiba, na hapo unafika zaidi ya mita 920. Mwenye kiwanja cha mita 750 atasema, "Kinatosha." Kwa hesabu ya kwanza, kweli kimetosha, kwa mita hamsini tu.

Mtu atauliza kwa nini rubani apae upepo ukimpiga mgongoni. Kwa sababu gari la kujazia liko ncha moja ya kiwanja. Akitua kuelekea kwenye gari na kuondoka akiligeuzia mkia, anaokoa dakika mbili tatu kila safari. Asubuhi upepo ukiwa umelala, hakuna ubaya. Ukiamka na kugeuka saa nne, ndege inaendelea kwenda upande uleule kwa mazoea. Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unaelekea wapi, inaning'inia pale, na mtu wa kwanza kuiona ikigeuka ni mjazaji, kwa sababu rubani ana kazi nyingine. Aseme.

Ndege ilikuwa imeinuka kabisa, tukaiona iko hewani. Mbona ilirudi chini yenyewe?

Swali hili huwasumbua mashuhuda kuliko mengine. Karibu na ardhi, hewa haipati nafasi ya kuzunguka chini ya ncha za mabawa kama kawaida, kwa hiyo ukinzani hupungua. Hali hii hudumu hadi urefu unaolingana na upana wa mabawa kutoka ncha hadi ncha, na nguvu yake ni kubwa chini ya nusu ya urefu huo. AT-802 ina upana wa takriban mita 18. Ina maana mita chache za kwanza ndege inabebwa kwa bei rahisi.

Tatizo ni kwamba inaweza kuinuka kwa kasi ambayo haitoshi kuendelea kupanda. Magurudumu yameacha ardhi, rubani anaona miti inasogea, anavuta fimbo ya usukani ili aipite. Pua inapanda, ndege inatoka kwenye ule msaada wa ardhi, ukinzani unarudi wote, kasi inashuka. Akivuta zaidi, bawa linafika pembe ambayo hewa haiwezi tena kulifuata juu yake, na linaacha kubeba. Mara nyingi upande mmoja hutangulia, ndege ikajilaza ubavu na kuanguka. Kutoka pembeni unaona ndege ikiinuka kama inayosita, mkia umening'inia chini, injini ikinguruma kwa nguvu zote, halafu inazama.

Dawa yake ni kufanya kinyume cha vile mwili unavyotaka: kushusha pua, kubaki chini karibu na ardhi hadi kasi ipatikane, kisha kupanda. Hilo linahitaji nafasi mbele. Kama hakuna nafasi, limebaki jambo moja tu, nalo linakuja kwenye swali linalofuata.

Lango la dharura ni nini, na kwa nini hakumwaga?

Chini ya tangi kuna lango pana linalofunguliwa kwa wenzo mmoja ulio ndani ya chumba cha rubani. Ukisukumwa, mzigo unaporomoka wote au karibu wote kwa sekunde chache. Kanuni za Marekani kwa kazi za juu ya makazi zinataka ndege iweze kumwaga angalau nusu ya mzigo wake wa juu ndani ya sekunde 45; ndege nyingi za sasa hufanya hivyo haraka zaidi ya hapo.

Faida yake ni kubwa ajabu. Ndege yenye kilo 7,000 ikimwaga kilo 3,000, kasi ya chini kabisa inayoweza kuibeba hupungua kwa karibu robo. Ndege iliyokuwa inakaribia kuanguka, kwa kasi ileile, inakuwa na akiba. Hakuna kifaa kingine ndani ya chumba kile kinachoweza kufanya jambo kama hilo.

Basi kwa nini wengine hawamwagi? Kwanza, muda. Kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa ndege inakula mita 30 kila sekunde. Anayesita sekunde tatu amekwisha kupita mita 90, na mzigo nao unahitaji sekunde zake kutoka. Pili, gharama. Dawa iliyo tangini ina bei, ina mwenyewe, na ikimwagika nje ya shamba itachafua ardhi, na kuna mtu atakayeuliza. Hakuna rubani anayekaa akakokotoa hayo pale mwisho wa kiwanja, lakini yameshajenga uzito mkononi mwake miaka mingi kabla. Tatu, matumaini: mara zote kumi zilizopita ndege ilijivuta mwishoni ikapita.

Nasema hili kwa wanaokodi ndege na wanaoajiri marubani. Rubani aliyemwaga na kurudi salama asiulizwe hasara ya dawa mbele ya watu, na asikatwe mshahara. Swali la aina hiyo likiulizwa mara moja tu, kila rubani aliyelisikia atachelewa nusu sekunde siku yake itakapofika.

Kuna ufundi pia. Mzigo ukitoka ghafla, pua ya ndege hupanda yenyewe, wakati mwingine kwa nguvu. Mkono wa kulia uwe tayari kuisukuma fimbo mbele. Aliyemwaga akaacha pua ipande anaweza kuangusha ndege nyepesi kwa kosa lilelile alilokuwa anakimbia. Ndiyo maana marubani makini hufanya mazoezi ya kumwaga kwa maji, angani penye nafasi, kabla msimu haujaanza.

Rubani anajuaje kwamba imefika wakati wa kuacha?

Kwa kuweka alama kabla ya kuondoka. Kanuni ya zamani inasema: ukifika nusu ya kiwanja hujapata asilimia 70 ya kasi ya kuinuka, acha. Msingi wake ni kwamba umbali hukua kwa mraba wa kasi. Nusu ya umbali inapaswa kukupa karibu asilimia 70 ya kasi, na ukiwa chini ya hapo, nusu iliyobaki haitatosha.

Kiwanja cha majani hakina vibao vya umbali, kwa hiyo weka kitu kinachoonekana: tairi kuukuu lililopakwa chokaa, pipa, bendera nyekundu. Sisi tulikuwa na mapipa mawili. La kwanza lilikuwa la kasi. La pili lilikuwa la kumwaga: kama mkia haujakaa juu na ndege haijawa nyepesi ifikapo pale, lango linafunguliwa, hakuna mjadala. Kitu kilichoamuliwa asubuhi kwa kichwa kilichotulia ni rahisi kutekeleza kuliko kitu cha kufikiria ndege ikiwa inadunda.

Nakumbuka mchana mmoja, hewa imesimama kama ya ndani ya tanuri. Kapteni alirudi na safari iliyomwacha akiinuka mbele kidogo tu ya pipa la pili. Alifungua dirisha, jasho linamtiririka chini ya kofia. Nikamwuliza, "Kapteni, nipunguze?" Akatazama soksi ya upepo, imelala kwenye mlingoti. "Punguza mia tatu." Nilipofunga bomba, kioo kilikuwa kinaonyesha nafasi kubwa tupu, na mwenye shamba aliyekuwa amesimama nyuma yangu akaguna. Safari ile iliinuka kabla ya pipa la kwanza.

Injini ikizima mara tu baada ya kuinuka, si ageuze arudi kiwanjani?

Hapana, na wengi wamekufa wakijaribu. Kugeuka kunakula urefu ambao hana, na bawa lililolala linabeba kazi zaidi. Ndege ikilala nyuzi 45, kasi ya chini kabisa inayoweza kuibeba hupanda asilimia 19; ikilala nyuzi 60, hupanda asilimia 41. Rubani wa ndege nzito iliyo mita 50 juu hana kasi hiyo. Mwendo wa kuokoa maisha ni kushusha pua, kumwaga mzigo, na kutua moja kwa moja mbele au kwa kupinda kidogo tu, hata kama mbele ni mahindi au kichaka. Ndege inayoingia kichakani ikiwa sawa na kwa kasi ndogo huvunjika magurudumu na mabawa. Ile inayoanguka kwa ubavu huvunja chumba cha rubani.

Nini huzimisha injini wakati ule?

Mara nyingi ni mafuta. Maji huingia kwenye matangi yaliyoachwa nusu usiku kucha, hewa ya ndani inapopoa na kutoa unyevu, au kutoka kwenye mapipa yaliyohifadhiwa vibaya. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini, ndiyo maana kila asubuhi hutolewa kidogo kwenye kikombe cha kioo na kutazamwa mwangani. Tone la maji huonekana kama jicho la samaki chini ya mafuta.

Kosa baya zaidi ni kuweka mafuta ya injini za tabaini, yanayofanana na mafuta ya taa, kwenye ndege yenye injini ya pistoni, inayotumia petroli. Petroli iliyobaki kwenye mabomba huiwezesha injini kuwaka, kusogea, hata kupaa, kisha mafuta mageni yanafika na injini inajiharibu ndege ikiwa juu ya miti. Petroli ya ndege aina ya 100LL ni ya bluu. Mafuta ya tabaini hayana rangi au ni ya kimanjano hafifu. Mjazaji asiyetazama rangi asishike bomba.

Yako pia mambo ya aibu ya kila siku: swichi ya tangi iliyoelekezwa penye mafuta kidogo, kufuli ya usukani iliyosahaulika, flapu (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa kuongeza ubebaji) zilizoachwa vibaya. Orodha ya ukaguzi imeandikwa kwa ajili ya hayo, nayo huachwa kusomwa pale mtu anaporudia kazi ileile mara thelathini.

Kwa nini nyingine huacha njia na kuzunguka zikiwa bado chini?

Ndege nyingi za kilimo zina gurudumu dogo mkiani, na kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makubwa. Ikianza kupinda, uzito wa nyuma unataka kuipita pua. Upepo wa ubavu, gurudumu moja kuingia kwenye tope, au mguu uliochelewa kwenye kanyagio vinatosha.

Kwa hiyo ni kosa la rubani?

Ripoti nyingi huishia kusema rubani hakudumisha kasi ya kutosha, na mara nyingi ni kweli. Lakini sentensi hiyo inaeleza sekunde nne za mwisho. Nani aliamua lita ngapi zijazwe? Kiwanja kilichaguliwa na nani? Mkataba ulilipa kwa ekari ili kila safari yenye tangi nusu ionekane hasara? Majani yalikatwa lini? Rubani ndiye aliyekuwa ameshika fimbo, nami sitaki kumvua wajibu wake. Ila mjazaji, mwenye ndege na mwenye shamba wote walikuwa na mkono juu ya mzigo ule kabla yake.

Nimekuwa wa kwanza kufika penye ajali. Nifanye nini?

Simama kidogo kabla ya kukimbilia. Tazama upepo unatoka wapi, na usogee ukiwa umeupa mgongo, ili mvuke wa dawa na moshi viende mbali nawe. Mtu mwingine apige simu ya dharura, aseme wazi kwamba ndege ilibeba dawa za kuua wadudu au magugu. Usivute sigara, na usiguse propela hata kama imesimama.

Kama kuna moto au petroli inachuruzika karibu na kitu cha moto, mtoe rubani haraka, hata kama ameumia mgongo. Kama hakuna moto, na anapumua, usimvute. Mshikilie kichwa kisitikisike, mwache na kofia yake, zungumza naye. Ukijua swichi ya umeme na koki ya mafuta ziko wapi, zifunge.

Vaa glavu za mpira ukizipata, hata mifuko ya plastiki mikononi ni bora kuliko mikono mitupu. Nguo zilizolowa dawa zivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni, pamoja na nywele na chini ya kucha. Na tafuta lebo ya dawa. Iko kwenye madumu pale kwenye gari la kujazia. Piga picha lebo nzima na uitume na majeruhi hospitalini, kwa sababu daktari anahitaji jina la kiambato kuliko maelezo yoyote utakayompa.

Dalili za sumu ni zipi?

Inategemea dawa. Zile za kundi la ogano-fosfati na kabamati huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Mtu hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, hutapika, huharisha, misuli hucheza chini ya ngozi, kifua hubana. Hospitalini hutumia atropini. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo mwokoaji aliyelowa asiende nyumbani kulala akisema yuko mzima. Aoge, aonwe na daktari.

Ndege imekunjika vile, rubani alitokaje hai?

Chumba chake kimezungukwa na mabomba ya chuma yaliyokusudiwa kubaki na umbo wakati pua, tangi na mabawa vinavunjika na kunyonya kishindo. Anafungwa mikanda ya mabegani na kiunoni na huvaa kofia ngumu. Ndege nyingine zina mikanda yenye mifuko ya hewa. Vyote hivyo hufanya kazi kama ndege imegonga kwa kasi ndogo na ikiwa sawa. Ndiyo faida nyingine ya kushusha pua mapema.

Wachunguzi hujuaje kilichotokea bila kisanduku cheusi?

Chini ya Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Wachunguzi huanza na propela. Ikiwa mapanga yamejikunja kama herufi S na kuchubuka kwa upana, injini ilikuwa inazungusha kwa nguvu. Yakiwa yamekunjwa nyuma tu bila michubuko hiyo, huenda ilikuwa imelegea. Hupima alama za magurudumu kwenye majani kutoka zilipoanza hadi zilipokatika, hutazama kama lango lilifunguliwa, huchukua mafuta ya ndege na ya pipa.

Kifaa cha setilaiti kinachomwongoza rubani kwenye mistari ya kunyunyizia huhifadhi mahali na kasi. Humo huweza kupatikana mwendo wote wa kupaa, na wa safari zilizotangulia siku hiyo, kwa hiyo mchunguzi huona kama ndege ilikuwa inainuka mbali zaidi na zaidi kadiri jua lilivyopanda. Daftari la mjazaji lina thamani ileile. Andika saa, lita, aina ya mzigo na mafuta kwa kila safari. Dakika unayotumia kuandika ndiyo itakayosema ukweli wakati hakuna mwingine wa kuusema.

Nimerekodi ajali kwa simu. Nifanye nini na video?

Iache kama ilivyo, usiikate wala kuipunguza ubora. Andika ulisimama wapi na saa ngapi, kisha wape wachunguzi faili lenyewe, si nakala iliyotumwa kwenye makundi. Sauti ya injini iliyo ndani yake inaweza kupimwa na kuonyesha propela ilikuwa inazunguka kwa mwendo gani. Usiisambaze. Kuna mke, mama au mtoto ambaye bado hajaambiwa, na simu yake iko mkononi.